Trela Iliyokataliwa Mara Mbili

Mume wangu Delmar alianza kuzungumzia trela kubwa mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika dirishani, na alianza kama anavyoanza mambo yake yote, yaani kwa kutoyataja. Alisema bawaba za Njegere zimechakaa kidogo. Nikasema bawaba huchakaa. Akasema ni kweli. Tukanywa kahawa. Kwa watu wa kwetu Minnesota huo ulikuwa mjadala mzito, na kila mmoja aliondoka mezani akidhani amemwelewa mwenzake.

Njegere ndiyo trela yetu. Delmar aliiunda mwenyewe gerejini kwa mbao na mabati, akaipaka kijani. Ni ya aina tunayoiita tone, kwa sababu ya umbo lake: mbele mviringo, nyuma mteremko, tone la maji lililolala ubavu. Ndani hakuna kitu ila kitanda. Nyuma unainua mfuniko, unakuta jiko. Hakuna anayesimama ndani ya tone. Unafungua mlango, unapiga magoti, unatambaa, unageuka, unalala. Mapazia nilishona mimi, yana picha za bata.

Kwa miaka mingi kutambaa hakukunisumbua. Kisha magoti yangu yakastaafu pamoja nami. Mwaka jana kambini nilianza kwenda kulala kabla ya watu wote, jua likingali juu, ili asiwepo wa kuniona nikiingia. Asubuhi nilingoja Delmar aende kuchota maji ndipo nitoke, kinyumenyume, makalio mbele, nimeuma mto. Nikaamua moyoni kwamba nitakwenda mara moja tu tena, halafu basi.

Sikumwambia. Ningesemaje? Kwamba kitu alichokijenga kwa mikono yake kimenishinda kuingia? Na kambini ndipo mahali pekee ambapo mwanamume yule huongea. Nyumbani hutikisa kichwa. Ziwani, akilala chali na mlango wazi, husimulia habari za baba yake, za ng'ombe waliouzwa, za mambo anayoyaogopa. Hilo ndilo nililokuwa naenda kulipoteza, na liliniuma kuliko magoti.

Yeye, badala ya kuona, alipatwa na wazimu wa magurudumu. Aling'oa yale madogo ya Njegere akafunga makubwa, trela ikainuka ikawa kama mtoto aliyevaa mabuti ya baba yake. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Yanapendeza." Delmar ana makoti mawili, yote ya kahawia, na sijawahi kumsikia akisema kitu kinapendeza. Nikasema moyoni, ni uzee huo.

Mwezi wa saba wenye matone hukutana Ziwa Pelican. Jumamosi asubuhi kila mtu hufungua milango yake, na sisi wengine tunazunguka kuchungulia vitanda vya watu bila haya yoyote, tukisema "Hmm." Mwaka huu kulikuwa na mgeni, Boyd Cutrell, mtu wa Texas aliyehamia kwetu kuwa karibu na binti yake. Trela yake ilikuwa tone pia, ila tone lililoshiba. Alikuwa anaiuza kwa sababu anataka yenye choo ndani.

"Kaa, bibie, usiogope," Boyd aliniambia. "Haing'ati."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kilikuwa juu, usawa wa kiti. Nikainua miguu, nikaigeuza, nikawa kitandani. Basi. Hakuna magoti, hakuna kutambaa. Machozi yakanilenga, nikajifanya nachunguza dari.

"Unaionaje?"

"Siyo mbaya," nikasema. Kwetu hakuna sifa inayopita hiyo. Ndiyo niliyoitoa siku ya harusi yangu.

"Siyo mbaya? Mama, hili ni jumba! Mzee, wewe unasemaje?"

Delmar alinitazama, kisha akapapasa ubao wa pembeni. "Ni tofauti," akasema.

Na kwetu hakuna tusi linalopita hilo. Moyo ukanishuka. Nilijua amechukia kuniona nimelala katika kazi ya mikono ya mtu mwingine. Nikashuka, nikasema tuangalie wengine.

Mchana tulikula pamoja, kila mtu na alichopika. Boyd akaja na sahani yake akakaa mbele yetu.

"Mzee wangu, naona mama kaipenda. Niwaachie?"

"Aa, hapana," Delmar akasema. "Tusikusumbue."

"Hakika? Nitawafanyia wepesi wa bei, bwana."

"Hapana, asante sana, umefanya vizuri kutufikiria. Tulichonacho kinatutosha."

Hapo nikaacha kutafuna. Mtu wa kwetu akipewa kitu, hukataa. Akipewa tena, hukataa kwa upole zaidi. Mara ya tatu husema, "Basi, kama haikusumbui," na huchukua. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona kama amelelewa na mbwa mwitu. Na asiyetaka kabisa hakatai hata kidogo. Hubadilisha mazungumzo, huuliza habari za samaki. Delmar hakuwa ametaja samaki. Alikataa mara ya pili kwa upole kuliko ya kwanza. Mume wangu alikuwa anaitaka trela ile, na alikuwa anangoja aulizwe mara ya tatu.

"Sawa basi," akasema Boyd. "Hapana ni hapana."

Akanyoosha mkono kwenye trei ya keki ya limau, akachukua kipande cha mwisho. Kipande kile kilikuwa pale muda mrefu, kila aliyepita akikata nusu na kuacha nusu, kama inavyotakiwa, na sasa kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Boyd alikitia mdomoni. Ione Sather, aliyeipika keki, ilibidi ashike kiti. Mtu mmoja akauliza kama samaki wanakula chambo.

Jumapili asubuhi Delmar alichukua kiti chake cha kukunja akakiweka njiani, mahali ambapo Boyd hangeweza kwenda popote bila kumpita. Akakaa pale na kahawa yake, akiwa tayari kuulizwa. Boyd akampita akienda bafuni.

"Habari ya asubuhi, mzee!"

"Siyo mbaya," akasema Delmar, akajiweka sawa kitini.

Boyd akampita tena akirudi, akasema kuna jamaa wa Iowa amepiga simu, yuko njiani anakuja kuiona trela. Delmar akasema hiyo ni habari njema. Nikamfuata pale kitini.

"Delmar, unaitaka ile trela?"

"Kama wewe unaitaka."

"Mimi sina neno."

"Basi na mimi sina neno."

Tukakaa hivyo, watu wazima wawili wasio na neno, tukitazama barabara. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani: yeye, mtu wa Texas, au mama yangu aliyenifundisha adabu hii. Gari lenye namba za Iowa likaingia.

Aliyeshuka aliitwa Wendell Kruse, mtu mpole, kofia mkononi. Aliizunguka trela ya Boyd, akachungulia, akasema, "Siyo mbaya." Huyu alikuwa mwenzetu kabisa. Nikainuka. Kuvuka uwanja ule na magoti yale si kazi ndogo, lakini nilifika, na Delmar nyuma yangu.

"Boyd," nikasema, "naitaka mimi."

"Kumbe! Hakika?"

Ulimi wangu ukajipanga wenyewe kusema hapana. Miaka yote ya malezi ilikuwa imekaa mdomoni mwangu. "Hakika," nikasema, na sauti ikatoka kubwa mno.

Wendell akarudi nyuma hatua moja. "Samahani sana. Sikujua ina mwenyewe. Ichukueni."

"Aa, hapana," akasema Delmar. Nilidhani sikumsikia vizuri. "Umetoka mbali, bwana. Chukua wewe."

"Hapana, hapana, siwezi."

"Tafadhali. Sisi tuna yetu."

"Hata kidogo. Ninyi mlitangulia, nami nisingependa kuwa kikwazo."

Wendell alikuwa amekataa mara mbili. Nilimwona Delmar akivuta pumzi ya kutoa mara ya tatu, na nilimwona Wendell akijiandaa kusema, basi, kama haiwasumbui. Trela yangu ilikuwa inaondoka kwa adabu, mbele ya macho yangu.

"Delmar, nyamaza!"

Uwanja mzima ulisikia. Ione Sather akatoa kichwa nje ya tone lake.

"Siwezi kupiga magoti tena," nikasema. "Siwezi kuingia Njegere. Tukibaki nayo, mimi sirudi hapa tena, na nataka kurudi. Nataka kulala ziwani nikikusikia ukiropoka. Nyumbani huniambii kitu!"

Hakuna aliyenitazama. Sisi ni watu waungwana. Wendell Kruse alivaa kofia yake, akageukia maji.

"Samaki wanakula?" akauliza.

Nikajua ameniachia, ameniachia kabisa, na ningeweza kumbusu.

"Samaki wameingiaje hapa?" Boyd akaniuliza. "Na kama mliitaka, mzee, si nilikuuliza jana mara mbili?"

"Mara mbili," akasema Delmar kwa huzuni.

Tukarudi kwenye Njegere kuchukua viti. Delmar alisimama akiitazama, mikono mfukoni. Kisha akagusa gurudumu moja kwa ncha ya kiatu.

"Nilidhani haya yangesaidia," akasema.

"Yangesaidia nini?"

"Kuinua mlango. Mwaka jana nilisahau ndoo, nikarudi. Nikakuona unatoka." Akaligusa tena gurudumu. "Nikajificha nyuma ya mti hadi ukamaliza. Nilidhani hupendi nijue."

Sikupenda ajue, ni kweli.

"Na jana ukasema ni tofauti!"

"Nilikuona unalia juu ya kitanda cha watu. Nikajua unaililia Njegere. Mapazia yako."

"Delmar, yale ni mapazia ya bata. Naweza kuyahamisha."

Mchana Ione alitoa trei nyingine ya keki, aliyokuwa ameificha tangu aione tabia ya Boyd. Ilizunguka, ikaliwa, ikabaki kipande kimoja, kizima, na visu vikaanza kusogea. Delmar akaiinua trei akaniletea pale nilipoketi, kwenye ukingo wa kitanda chetu kipya, miguu ikining'inia.

"Utakula?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema, nikakichukua chote.

Delmar alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza mara ya pili. Akaufunga. Kisha akaiweka trei chini, akapanda akakaa karibu yangu, na bila kuulizwa na mtu akaanza kusimulia.