Jibu la Bawabu

Sisi watawa wa kanzu nyeupe wa Mnyuzi na wale wa kanzu nyeusi wa Kang'ata ni watoto wa baba mmoja, Mtakatifu Benedikto, na kama ilivyo kwa watoto wengi wa baba mmoja, hatukupatana. Wao walituita mabubu kwa sababu ya kimya chetu. Sisi tuliwaita mabwana shule, kwa ajili ya shule yao na gari lao wanaloliosha kila Jumamosi. Abati wetu, mkuu wa monasteri, alipowaalika kwa mara ya kwanza tule pamoja sikukuu ya Baba Benedikto, mwezi wa saba, nilinuna waziwazi. Mimi Bruda Hiza ndiye bawabu. Wageni wote hupitia kwangu, na wale sikuwataka.

Jambo moja tunalo sote, weusi kwa weupe. Kanuni yetu inamwagiza bawabu kwamba mtu akibisha tu, ajibu "Deo gratias", yaani Mungu ashukuriwe, hata kabla hajajua ni nani. Kisha afungue. Nimejibu hivyo miaka mingi, hata ulimi umekuwa mwepesi kuliko kichwa.

Asubuhi ya sikukuu simu ililia. Alikuwa dada yangu Chausiku, anapiga mayowe. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi yetu, mdogo wetu Mhina akaenda kuwafukuza kwa fimbo, mchungaji mmoja wa Kimasai akamchoma mkuki tumboni. Amefia palepale shambani, mdomo umejaa udongo.

Nilikaa kibandani kwangu getini. Sikusali. Niliwaza panga, na jinsi linavyoshikwa.

Hapo geti likagongwa kwa ngumi.

"Deo gratias!"

Lilinitoka lenyewe. Ndipo nikachungulia kwenye tundu. Nje alisimama kijana wa Kimasai, ndewe za masikio zinaning'inia, kanzu nyeusi imechanika begani, damu inamtiririka usoni. Nyuma yake, kando ya reli, watu walikuja mbio na mapanga na marungu. Aliyetangulia alikuwa Shukuru, mtoto wa baba yetu mdogo.

"Mimi Bruda Ledama," alisema akihema. "Bawabu wa Kang'ata. Nimetangulia kwa pikipiki, wenzangu wanakuja na gari. Umeshajibu, kaka. Fungua."

Umeshajibu! Nilimchukia kwa neno hilo. Ni bawabu tu angejua kunifunga nalo. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na haukusogea. Nilimwona Mhina na udongo wake mdomoni. Jiwe likampata Ledama mgongoni, akapiga magoti, akainua uso kulitazama tundu. Hakuomba tena.

Nikafungua.

Nilimvuta ndani kwa ukosi, nikasukuma geti kwa mkono wa kulia, lakini panga la Shukuru lilikwisha pita kwenye upenyo. Niliona vidole vyangu chini kwenye mchanga kabla sijasikia maumivu. Geti likasukumwa, wakaingia. Mmoja alimpiga Ledama rungu la kichwa, mwingine akamkanyaga mbavu, nikasikia zikivunjika. Nikajitupa juu yake.

"Kaka Hiza, toka hapo!" Shukuru alikuwa analia. "Wamemuua Mhina!"

"Najua."

"Sasa unamlalia nani?"

"Ndugu yangu."

Akanitemea mate usoni, na rungu likanishukia begani. Ndugu zangu watawa walikuja mbio kutoka kanisani, na hakuna hata mmoja aliyeokota jiwe. Walijilaza juu yetu mmoja baada ya mwingine, nao wakapigwa. Abati wetu akavunjwa mfupa wa mtulinga. Kisha nikasikia gari la Kang'ata likifunga breki, milango ikifunguka, na wale mabwana shule, niliokuwa nimewanunia, nao wakajitupa juu ya wetu. Mzee wao, Padri Fabiani, alipigwa mdomoni, meno yakamwagika. Tuliokuwa chini hatukuweza kupumua. Polisi walipofyatua risasi hewani, ndipo watu wakatawanyika.

Mhina alizikwa mimi nikiwa kitandani hospitalini.

Nilipotoka nilikwenda nyumbani, Manundu. Ledama akanifuata, kichwa kimefungwa bendeji, amevaa kanzu nyeupe ya stoo yetu kwa kuwa yake haikufaa tena. Nilimkataza. Nilimtukana hata.

"Uliponifungulia mimi, ulijifungia mlango wa mama yako," alisema. "Tutabisha wote."

Nikabisha hodi. Hakuna aliyesema karibu. Nilisikia kandambili zikiburuzika, zikasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Hiza."

"Uko na nani?"

Ningeweza kudanganya.

"Na ndugu yangu."

"Ndugu yako tumemzika," alisema mama. "Hukuwepo."

Komeo halikusogea. Majirani walitoka wakatutazama, hakuna aliyetusalimu. Ledama akaketi kizingitini, akishika mbavu zake, nami nikaketi ubavuni kwake kwenye jua. Ndani mama alikuwa akilia kwa sauti. Kila aliponyamaza, nilibisha tena kwa mkono wangu mzima.