Kadi ya Tarehe Kumi na Mbili Juni

Enyi wana wa dunia, na ninyi vizazi ambavyo bado havijazaliwa, tegeni masikio! Mwanga umeteremka kutoka mgongo wa Mlima Lawu, vumbi la chaki limesimama hewani kama askari wa gwaride, na sasa historia yenyewe, kwa sauti yake kuu, itasema nanyi!

Hivyo ndivyo kipaza sauti cha shule ya bweni ya Karangsari kilivyotamani kuanza. Lakini kila asubuhi kilichotoka kwanza kilikuwa kikohozi, kisha mluzi, kisha tangazo kwamba ndala moja ya kijani, ya mguu wa kushoto, imeokotwa bombani na mwenyewe aje na mguu kama ushahidi.

Ndipo ikaja sauti ya Bu Sumirah, kwenu mngemwita Mama Sumirah, nyembamba, kavu, isiyo na haraka. "Siku kama ya leo."

Siku kama ya leo. Miaka ishirini na miwili aliyasema maneno hayo, yeye mkutubi wetu, mwanamke mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, moja ya kushuku. Ubao wake kwenye mlango wa maktaba ulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza, dunia. Wa pili, muziki. Wa tatu, hapa kwetu. Mfalme alivuliwa taji; mpiga filimbi alizaliwa; upepo uling'oa paa la bweni la wavulana. Wageni watatu wasiojuana, wameketishwa meza moja kwa sababu tu walifika tarehe moja.

Na kila mgeni alikaguliwa mlangoni. Bu Sumirah aliupembua mstari kama mchele, akautoa mchanga, akautoa makapi, akauuma kwa jino la pembeni. Uongo haukuwahi kupita. Uvumi haukuwahi kupita. Hata ukweli ulipita ukitetemeka.

Tarehe moja ilimuuma. Kumi na mbili Juni. Dunia ilikuwa na neno lake: mwaka 1898, majirani zetu Wafilipino walitangaza uhuru. Muziki ulikuwa na neno lake: siku ileile, bendi ikapiga kwa mara ya kwanza wimbo uliokuja kuwa wa taifa lao. Historia na muziki vimeshikana mikono, vimependeza kama maharusi. Lakini mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Hapa kwetu, siku kama ya leo, hakuna aliyefanya lolote. Kila mwaka aliupita kimya, na ukimya ule ulisikika hadi jikoni.

*

Mwaka huu, Jumatatu ya juma lenye tarehe hiyo, mkuu wa shule Pak Prastowo alitangaza jambo. Chumba cha gamelan, bendi yetu ya jadi ya ala za kugonga, kitakuwa chumba cha kompyuta. Ala zote za shaba, kuanzia vijungu vinavyolia kama matone ya mvua hadi upatu mkubwa unaoning'inia nyuma kabisa, zitapelekwa ghala la wilaya.

"Labda mnionyeshe kwamba zina historia," alisema. "Nileteeni karatasi. Mimi ni mtu wa karatasi. Nawapa hadi Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Upatu ule una jina, Kyai Lindu, yaani Bwana Tetemeko, na mpigaji wake alikuwa Bu Sumirah. Kila Jumatatu jioni aliketi nyuma ya wenzake akiwa na kirungu kilichovikwa kitambaa. Wenzake walipiga haraka, yeye akangoja. Walikimbizana, yeye akangoja. Na walipofika mwisho wa mzunguko, wamechoka, wametapakaa, aliinua mkono akapiga mara moja tu. Ile moja iliwakusanya wote. Ilitambaa sakafuni, ikapanda ukutani, ikaingia bwenini, ikayapitia magodoro chini kwa chini. Baba yake aliupiga upatu huo kabla yake. Karatasi hakuacha. Aliacha mkono.

*

Jumatano asubuhi, kwenye droo ya kadi za Juni, Bu Sumirah alikuta kadi ambayo hakuiandika.

Ilikuwa ya manjano, imechapwa kwa taipureta. *Ijumaa Kliwon, 12 Juni 1931. Upatu Kyai Lindu ulipigwa hapa kwa mara ya kwanza, mbele ya umati mkubwa.*

Moyo wake uliruka. Akaushuku moyo wake.

Akaketi. Akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. Miaka tisini na mitano! Historia na muziki na hapa kwetu, tarehe moja! Kitu alichokitafuta miaka ishirini na miwili kimekuja chenyewe, kwa miguu yake, siku mbili kabla ya kuhitajika. Kimetokea wapi? Kimetumwa na nani? Mbona kimechana nywele hivi?

Akainusa kadi. Karatasi ya mwaka 1931 hunuka mende na paa linalovuja. Hii ilinuka chai ya yasmini.

Akashuku.

Alimshuku kwanza Pak Gunarso, mwalimu wa gamelan, aliyekuwa akizifuta shaba kwa kitambaa kama mtu anayeosha maiti ya ndugu.

"Pak, hii ni kazi yako?"

Mwalimu aliisoma, midomo ikimchezacheza. "Bu, mimi hata orodha ya mahudhurio naiandika kwa penseli. Taipureta naiogopa. Ina meno mengi kuliko mke wangu."

"Usinichekeshe. Ulikuwa wapi jana mchana?"

"Nimelala kwenye mkeka huu. Shahidi wangu ni Kyai Lindu."

Akamshuku Mbok Painem, mpishi, kwa sababu ya chai.

"Nani kachukua chai nzito jana, Mbok?"

"Sema nani hakuchukua. Walimu wamechukua, wanafunzi wamechukua, paka kachukua. Unataka niipige muhuri?"

"Kuna mtu ameitia karatasi rangi."

"Mwambie angenyamaza na kuinywa. Imepanda bei, sukari pia." Kisha Mbok Painem aliegemea mwiko wake, akapunguza sauti. "Lakini Bu, kadi ikiwa nzuri, isome tu. Nani atauliza?"

Hilo ndilo lililomtisha. Nani atauliza? Mwulizaji wa shule nzima alikuwa yeye.

Basi siku ile alitembea kati ya nyuso kama mtu anayetembea kati ya nguo zilizoanikwa, akiziinua moja moja aone kilichojificha nyuma. Aliyemwamkia kwa adabu, akashuku. Asiyemwamkia, akashuku. Wavulana wa kidato cha tano walinyamaza alipopita, na Mungu anajua wavulana wa kidato cha tano hawanyamazi bure. Hata Pak Prastowo alishukiwa, kwa kosa la kutabasamu.

*

Alhamisi mchana, maktaba ilikuwa tulivu. Kulikuwa na nzi mmoja, feni moja, na msichana mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa tangu Jumanne akitumikia adhabu ya kubandika namba vitabuni, kwa kuwa aliivika sanamu ya mwanzilishi wa shule miwani ya jua. Bu Sumirah aliiweka kadi mezani, akaitazama hadi kadi yenyewe ikaona haya.

Ijumaa Kliwon.

Sisi huku siku tunazihesabu mara mbili. Tuna ile wiki ya siku saba, ya dunia nzima, na tuna wiki ya soko, ya siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Wiki hizi mbili hutembea bega kwa bega kama dada wawili wenye hatua zisizolingana, na hukanyaga tena palepale kila baada ya siku thelathini na tano. Bibi yeyote sokoni atakwambia jina la siku uliyozaliwa kabla hujamaliza kumtajia mwaka.

Bu Sumirah alianza kuhesabu. Alishika siku ambayo hakuna asiyeijua, siku ya Uhuru wetu, tarehe kumi na saba Agosti 1945, Ijumaa Legi. Akarudi nyuma kutoka hapo, vidole vikitembea mezani. Mwaka kwa mwaka, na miaka mirefu akiipa siku yake ya ziada. Zikatoka siku elfu tano, mia moja na themanini. Akazigawa kwa thelathini na tano. Zikatoka mia moja arobaini na nane, kamili, bila siku moja ya kubaki.

Basi siku ile ilikuwa Ijumaa Legi. Siku ya soko ileile ya Uhuru. Kliwon haikuwepo kabisa.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Mwongo huyu alikuwa na ukweli mtamu kuliko uongo wake, na hakujua.

Sasa, Kliwon imetoka wapi? Bu Sumirah aliinua macho polepole. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka huu, yenye majina yote mawili ya kila siku. Tarehe kumi na mbili Juni: Ijumaa Kliwon. Mtu aliitazama simu yake, akaona kwamba mwaka 1931 tarehe hiyo nayo ilikuwa Ijumaa. Kisha aliitazama kalenda hii, akadhani siku zikifanana jina moja zimefanana yote mawili. Hakuna mtu mzima wa Karangsari ambaye angekosea hivyo. Ni kosa la mtoto wa bweni, aliyelelewa na kengele.

Macho yake yakashuka kutoka kwenye kalenda, taratibu, hadi chini yake.

Msichana alikuwa akibandika namba kwa bidii ya malaika.

Bu Sumirah aliinuka. Aliitia kadi mfukoni.

*

Ijumaa asubuhi watu mia tatu walisimama uwanjani. Lori la wilaya lilikuwa langoni, limefungua mlango wa nyuma. Kipaza sauti kikakohoa.

"Siku kama ya leo," alisema Bu Sumirah, akaisoma dunia. Akausoma muziki. Kisha akaitoa kadi. Angeweza kuisoma. Lori lingerudi tupu. Jumatatu angeketi mahali pa baba yake.

"Hapa kwetu," alisema.

Akavua miwani ya kusomea. Akavaa ile nyingine. Wakati wote huo nilimtazama, na hapo nikajua hataisoma.

"Hapa kwetu, siku ya leo, nimekuta kadi ya uongo kwenye droo yangu. Mwandishi wake anakaa chini ya kalenda yangu. Kinasih, nduk, binti yangu, njoo."

Na Kinasih ni mimi.

Mtaniuliza nimeyajuaje yote aliyoyawaza. Bu Sumirah hajui kuwaza kimyakimya. Siku tatu nilikaa hatua nne kutoka mezani pake nikimsikia akinikaribia.

Nilipanda jukwaani. 

"Kadi ni yangu," nilisema, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Niliichapa Bu alipokwenda kuswali adhuhuri. Chai ni ya Mbok Painem. Umati niliuongeza mwenyewe. Upatu sijui ni wa mwaka gani, hakuna anayejua."

"Yaani hakuna historia," alisema Pak Prastowo.

"Ninayo tarehe moja ya kweli, Pak, lakini ni fupi. Kumi na nne Julai, mwaka jana, Jumatatu. Ndiyo siku niliyousikia mara ya kwanza. Siku ya soko sithubutu kuitaja."

"Pahing!" Mbok Painem alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni. "Jumatatu Pahing! Na mimi ninayo ya miaka arobaini, nipeni kalamu!"

"Nami yangu," alisema Pak Gunarso. "Bu, geuza hiyo kadi, nyuma ni tupu."

Bu Sumirah aliigeuza. Alimtazama mkuu wa shule, akangoja, kama anavyongoja wenzake wamalize mzunguko. Pak Prastowo alilitazama lori. Akaitazama karatasi. Kisha, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

Hakunipa kalamu papo hapo.

"Kama ulikuwa na ya kweli," aliniuliza, "kwa nini ulitunga ya uongo?"

Nilitafuta utani. Maisha yangu yote nina utani mmoja wa akiba. Asubuhi ile mfuko ulikuwa mtupu.

"Kwa sababu, Pak, kughushi mwaka 1931 ni rahisi kuliko kusimama hapa na kusema kwamba jioni ile nilijificha chini ya kitanda nikimlilia mama yangu, na sakafu ikatetemeka, na nikanyamaza."