Mbayuwayu wa Bega la Adolphine

Adolphine aliwaambia wagonjwa wenzake kwamba operesheni yake aliiona mwanzo mpaka mwisho, hata madaktari walimuomba maoni. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, akakubali kwamba alikuwa amelala mdomo wazi.

Kazi yenyewe alielezwa na daktari Gaston. Uvimbe mbaya ulitolewa begani, ukaacha shimo la kuingia ngumi. Daktari akakata kipande cha ngozi mgongoni pamoja na mafuta yake, akakiacha kikishikwa na mshipa mmoja wa damu, mwembamba kama uzi, akakizungusha mpaka kikaziba shimo. Mshipa ukipitisha damu, kipande kinaishi.

Kiliishi. Bandeji ilipotolewa kilikuwa cha buluu, na mbayuwayu wekundu waliruka juu yake kuelekea shingoni. Muuguzi Rosalie alikibonyeza. Ndege walififia, wakarudi.

“Damu inapita muzuri,” alisema. “Iko inawasha?”

“Kidogo tu.”

Adolphine alivuta shuka. Wale ndege aliwajua. Katika vita ya kwanza, jirani yake Cibalonza alikimbilia kijijini Katana, akamwachia ufunguo wa nyumba. Adolphine alivifunga vikwembe vya jirani huyo, vitenge vya thamani, kimoja cha buluu chenye mbayuwayu wekundu, mgongoni kama mtoto mchanga, akavipitisha mbele ya askari akiviimbia. Askari mmoja aliwanyamazisha wenzake, mtoto asiamke. Aliviuza kisiwani Idjwi. Kabla ya kuviuza alikuta ndani yake picha pekee ya Zagabe, mtoto wa Cibalonza aliyefariki. Akaichoma. Cibalonza aliporudi akaambiwa askari wamepora, naye akaamini.

Sasa ilikuwa vita ya pili, na Cibalonza huyo huyo ndiye garde-malade wake, anayemuogesha na kumletea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mchana aliingia na sahani. Shuka likateleza.

“Ee, maman Adolphine! Si kikwembe yangu hii?” Akakigusa. “Iko na joto.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili alisogea. “Na rangi haijatoka. Ile ilikuwa ya Hollande ya kweli.”

Adolphine alirudisha shuka begani.

“Nilinunuaka kwa askari, maman Cibalonza. Nilitaka nikurudishie. Nilikunjua zote, moja moja. Hakukuwa hata picha ndani.”

Cibalonza aliweka sahani chini. Habari ya ile picha hakuwahi kumwambia mtu.

“Picha gani, Adolphine?”