Moyo wa Carmel Waingia IRM

Carmel alizaliwa na moyo wenye kasoro: tundu katikati, na njia ya damu ya kwenda mapafuni imebana. Alipasuliwa akiwa mdogo, akapona, na tangu hapo kovu la kifuani likawa rafiki yake mkubwa. Kila alipotumwa maji, pale kwao Panda, mjini Likasi, alilishika na kuketi taratibu. Mama yake, Émilienne, alimwamini papo hapo. Mwenye kubeba ndoo alikuwa kaka yake Guy, akinung'unika kwamba moyo huo unachagua kazi.

Carmel alipokuwa msichana mkubwa, daktari wake, Germain, alitaka apigwe picha kwa mashine ya IRM huko Lubumbashi. Aliwaeleza kwamba mashine hiyo ya sumaku huuona moyo ukipiga, na hupima damu inayokwenda na inayorudi nyuma. Guy alifurahi kuliko mgonjwa. Aliomba ruhusa kiwandani awasindikize, ili ajionee.

Carmel aliogopa kuumbuka. Mashine ikisema moyo ni mzima, ndoo zote zitakuwa zake. Basi akaamua kuivuruga. Ndani ya lile bomba, alipoambiwa ashike pumzi, aliivuta kidogo kwa siri. Alipoambiwa atulie, alijikuna. Picha zikatoka na ukungu. Sauti ya Germain ikamfikia masikioni, bila hasira.

"Carmel, weye ukicheza, tutaanza tena. Minye niko na wakati mpaka mangaribi."

Njaa ilikuwa inamsokota. Carmel akashika pumzi.

Baadaye Germain aliwaonyesha picha. Chumba cha moyo cha upande wa kulia kilikuwa kimetanuka, kwa kuwa kilango cha damu cha kwenda mapafuni, yaani vali, kilivuja na damu nyingi ilirudi. Hakukuwa na hatari ya leo wala kesho, alisema, lakini kilango kipya kitahitajika. Miaka yote hiyo Carmel alidhani anawadanganya. Guy aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Waliporudi Likasi, Guy alimkataza kila kitu: jiko, ufagio, hata kuinuka kupokea wageni. Harusi ya binamu yao Danielle ilipokaribia, Carmel alikuwa amechoka kuwa mgonjwa. Akampigia Germain, akaongeza sauti ya simu ili kaka yake asikie mwenyewe.

"Dokta, niko na ruhusa ya kucheza?"

"Cheza polepole, ukichoka ukae. Na kazi ya nyumba iko bien, haina shida: kupika, kufagia. Ile ya kubeba vitu vizito tu, hapana."

Carmel alikata simu haraka, lakini Guy alikuwa ameshakwenda kutafuta ufagio.

Harusini alicheza wimbo wa kwanza wote. Katikati ya wa pili akaketi, jasho likimtoka. Guy akamtazama kwa jicho la zamani.

"Yaya Guy, leo ni ya kweli," alisema Carmel.

Guy akavuta kiti, akakaa naye.