Dawa ya Mzazi

Kwetu, kila chenye nguvu huanzia kwa mzazi. Asali ya mzinga wa kwanza, ini la mbuzi, mchuzi wa kambale: mwanamke aliyejifungua huonja kabla ya wote. Ndiyo maana mwaka ule wa hamsini na nne, siku ya nne baada ya mama kujifungua, baba yangu Ignasi alirudi toka mgodini na kichupa cha dawa wanayonyweshwa wachimbaji kila asubuhi getini.

"Ni ya nguvu," alisema. "Mpe mama yako."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Wiki nzima hakulala, na ugali alikuwa anausukuma kando. Nikakataa kumpa mama kabla sijajua neno la Kizungu lililoandikwa kwenye kichupa: stimulant.

Nikampelekea Mwalimu Alois, aliyenifundisha hadi darasa la tatu. Akafungua kamusi.

"Ni kitu cha kuchochea. Mfano huu hapa: fimbo yenye ncha humchochea punda aliyechoka."

"Na punda anakula nini?"

"Kitabu hakisemi, Kasilda."

"Basi si chakula."

"Si chakula. Kinamtoa punda nguvu aliyokuwa amejiwekea."

Kesho yake asubuhi nilikwenda mgodini kwa hasira, mimi ambaye hata kanisani nakaa nyuma ya nguzo. Mnyapara Gaudensi alikuwa getini na kijiko chake cha dawa. Wanaume walikuwa wamepanga mstari, baba akiwa wa kwanza.

"Mnyapara, hii ni ya nguvu?"

"Sana, binti. Siku hizi na nyie wanawake mnaitaka?"

Wanaume wakacheka.

"Mkeo Pelagia alijifungua Jumapili, tulipiga vigelegele wote. Umempa?"

Kijiko kikabaki hewani. "Hayo ni ya nyumbani kwangu."

"Mpelekee basi. Mzazi ndiye huanza."

Nikamnyooshea kichupa. Hakukipokea. Kicheko kikakatika, hakuna pale ambaye hakujua maana ya kukataa huko.

Baba alikitazama kichupa, kisha mikono yake. Akatoka kwenye mstari.

"Ukitoka, usirudi," Gaudensi alisema.

"Mizinga yangu kule Ugalla haijafunguliwa tangu niingie humu," baba alijibu. "Mama Kasilda anataka asali."

Aliyefuata akasogea mbele ya kijiko. Hakufungua mdomo.