Karavani ya Mama Najwa

Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba mimi si mtu wa kulala kwenye gari. Mume wangu Gelle alijifanya hakusikia. Aliileta Ijumaa mchana akitokea Njoro, karavani nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, imefungwa nyuma ya pikapu yetu, na kabla hajaiingiza getini nusu ya mtaa wetu wa Section 58 ilikuwa imetoka kutazama. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, akaniuliza chanjo zinaanza saa ngapi. Nikamwambia hata mimi ningependa kujua.

Gelle alikuwa amestaafu mwezi huo. Miaka thelathini na moja aliendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, na miaka hiyo yote mimi nilikaa Nakuru nikimngoja. Nilimlea binti yetu Najwa, nikaendesha gari la shule ya chekechea, nikamzika mama yangu, yeye akiwa kwenye foleni ya malori mpakani. Akirudi alikaa sebuleni akanihadithia barabara: kona fulani, mvua iliyomshika mahali fulani, mama fulani wa Salgaa anayeuza chai nzito kuliko uji. Sikuwahi kuona hata kimoja, kwa maana lori la tajiri halibebi mke. Alipostaafu nilidhani hatimaye nimepata mume wa kukaa kwenye kiti. Nikaletewa nyumba yenye magurudumu.

"Umenunua ya nini, Baba Najwa?"

"Nikuzungushe. Si umekaa sana?"

Akanirushia funguo mapajani huku akicheka. Akasema kwao Wajir mama yake alikuwa na kibanda cha fito na mikeka, kikipakiwa juu ya ngamia kila walipohama, na kibanda kile kilikuwa mali ya mama yake. Mwanamke ndiye alikijenga, akakibomoa, akakipakia. Baba alilala tu. "Kwetu nyumba ya kuhama ni ya mke," akasema. "Shika mali yako." Nilijua ananitania. Nikazitia zile funguo kwenye mkoba wangu, na humo zikakaa.

Watu hudhani kuwa na karavani ni kusafiri. Kuwa na karavani ni kupangusa. Mwaka wa kwanza tulikwenda Baringo mwezi wa Januari, jua likakausha mpira wa madirisha mpaka ukapasukapasuka, na tuliporudi nilikuwa nikikung'uta vumbi la Marigat kwenye godoro hadi Machi. Masika yakaingia, maji nayo yakaingia, tone kwa tone juu ya kitanda, upande wangu bila shaka. Gelle alipanda juu mara tatu na gundi yake ya mabati, mara tatu akaziba mahali pasipovuja. Mara ya nne nilichukua unga wa ngano nikaupaka kwenye pembe zote za dari kwa ndani, nikangoja mvua. Ilipopita niliingia na tochi. Mahali unga umekuwa uji, hapo ndipo penye tundu. Nikamwonyesha kwa kidole, akaziba, na hakusema asante.

Kuna beringi za kupakwa grisi kabla ya kila safari. Kuna matairi, ambayo huzeeka yakiwa yamesimama, kama wastaafu. Julai tulipiga kambi juu ya Molo, baridi kali, tukafunga kila dirisha, na asubuhi pumzi zetu zilikuwa zinatudondokea kutoka darini. Tangu hapo naacha dirisha la jikoni wazi upana wa vidole viwili hata kukiwa na barafu. Septemba wakaja siafu. Desemba hatuendi popote, kwa sababu barabara ni ya watu wanaokimbilia ushago, makwao vijijini, na Gelle huzifahamu vyema barabara za Desemba.

Nilinung'unika mwaka huo mzima, na miaka mitatu iliyofuata. Lakini jambo moja sikumwambia. Nilikuwa nafurahi. Nilifurahi mpaka nikajionea haya, mwanamke wa umri wangu. Nilipenda kufungua mlango asubuhi Subukia na kukuta kilima ambacho jana hakikuwepo. Na nilimwona yule mama wa chai wa Salgaa, anaitwa Chelangat. Kumbe ana mwanya, na Gelle hakuwahi kuutaja.

Halafu macho yakaanza. Kwanza Gelle aligonga nguzo ya geti, akailaumu nguzo. Baadaye akamwamkia jirani ambaye kumbe alikuwa ni mtungi wa maji. Nilimpeleka hospitalini, daktari akasema ni presha ya macho, ilishakula pembeni kote na haitarudisha ilichokula. Matone atatia kila siku. Gari asiendeshe tena. Tuliporudi nyumbani aliketi kwenye pikapu, upande wa abiria, mpaka chai ikapoa. Kutoka siku ile hakuitaja karavani, wala mimi sikuitaja, kwa kuwa sikujua nianzie wapi.

Alhamisi moja ya Novemba, tukila chakula cha jioni, akasema, "Kadija, nimepata mtu wa kununua. Anatoka Bahati. Anakuja Jumamosi."

"Kununua nini?"

"Karavani. Upumzike sasa. Si umechoka nayo?"

Ningesema nini? Miaka minne nilimwimbia wimbo huo huo. Nilitoa vyombo, nikaviosha, nikajikuta nimeviosha mara mbili.

Mnunuzi alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, jina lake Valarie, anauza chipo, yaani viazi vya kukaanga, na maharagwe pale Bahati senta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hakunipa nafasi. Alivua viatu kabla ya kuingia.

"Mzee, hii kitu inavuja?" akamuuliza Gelle.

"Haivuji," Gelle akasema.

"Ilivuja," nikasema mimi. "Hapo juu ya kitanda. Iko sawa saa hii, lakini Aprili uiangalie tena. Utapaka unga ndani ya pembe."

"Unga?"

Nikamweleza. Akauliza inasimamaje bila kuyumba. Gelle akainama kutafuta mkono wa chuma wa kuteremshia miguu ya karavani, akapapasa hewa mara mbili kando yake. Niliuchukua mimi kabla msichana hajaona, nikateremsha miguu yote minne, nikamwonyesha ile chupa yangu ya soda yenye maji nusu, ambayo unailaza sakafuni uone kama nyumba imekaa sawa. Nikamwonyesha mlango, kwamba huuvuti kabla hujauinua kidogo. Nikamwonyesha gesi inafungwa wapi, siafu wanapitia wapi, na dirisha la vidole viwili. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Gelle alisimama nje ameshika ubavu wa karavani.

Valarie akacheka. "Kumbe mathe ndio mwenye hii kitu!"

Kisha akaweka kiganja ukutani, pale kilipo kirafu changu cha vikombe. "Nikitoboa dirisha hapa, chipo nauzia hapa, si itakuwa poa? Hata magurudumu nitatoa, niiweke kwa mawe, isiende mahali."

Iliniuma. Sitaficha. Niliiona karavani yangu imekaa juu ya mawe Bahati, haiendi mahali, nikajiona na mimi nimekaa vivyo hivyo sebuleni, na Gelle kando yangu hana tena barabara ya kunihadithia.

"Basi pesa nampatia nani?" Valarie akauliza.

"Mimi," Gelle akasema.

Nikashuka ngazi, nikasimama mbele yake. "Baba Najwa, funguo ziko wapi?"

Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. "Si ziko kwako?"

"Ziko kwangu tangu lini?"

"Tangu siku nilikupatia."

"Ukinipatia ulisema nini?"

Akaacha kupapasa. "Nilikuwa nacheka, Kadija."

"Mama yako angeenda kisimani arudi akute kibanda chake kimeuzwa, ungecheka?"

Valarie alitazama miguu yake. Gelle aliketi kwenye ngazi ya karavani, akiitafuta kwanza kwa mkono, na nilipoona mkono ule unatafuta, hasira zikaniisha zote.

"Siwezi kuiendesha," akasema. "Na sitaki kuiona imesimama hapa kila asubuhi. Kwa lori nilishuka mwenyewe. Hii nimeshushwa. Halafu wewe umelalamika miaka minne, nikasema angalau wewe ufurahi."

"Kulalamika ndio kuongea kwangu. Umenioa juzi?"

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nataka kwenda!" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Miaka thelathini na moja umeenda peke yako. Mimi nimesafiri miaka minne tu. Sirudi kukaa dirishani, na wewe sitaki ukae dirishani."

"Na nani ataendesha?"

"Si mimi?"

"Kuvuta trela si kubeba watoto wa chekechea."

"Nimebeba watoto wa chekechea miaka tisa. Trela haitapiki."

Valarie akashindwa kujizuia, akacheka. Gelle naye akatazama chini, lakini nilimwona mdomo ukicheza.

"Mzee," Valarie akasema polepole, "niambie tu ukweli, hii ni ya nani?"

Gelle aliupitisha mkono kwenye ule mstari wa kijani.

"Ni ya Mama Najwa," akasema. "Kwetu ndiyo hivyo. Nisamehe, nimekusumbua bure kutoka Bahati."

"Hakuna kusumbua. Mimi sitaki kesi na nyumba ya watu." Msichana akavaa viatu vyake. Alipofika getini akageuka. "Mathe, ukitaka pa kufanyia mazoezi, kuja kwa shamba ya babangu. Mahindi tumeshatoa. Hata ukigonga, utagonga mabua."

Tulikwenda, wiki tatu mfululizo. Kurudisha karavani nyuma ni kazi ya kichaa. Unataka iende kulia, unakata usukani kushoto, na ukikata sana inajikunja, inakutazama dirishani. Niliyalaza mabua ya baba yake Valarie yote. Gelle alisimama katikati ya shamba na kofia yake nyeupe, haoni pembeni, lakini anasikia. "Umekata sana! Nyoosha! Sikiliza tairi, Kadija, tairi inalia!" Tuligombana kiasi kwamba ng'ombe wa jirani walihama. Nikarudi shule ya udereva, nikafanya mtihani wa leseni ya kuvuta trela, nikapita mara ya pili. Ya kwanza tuiache.

Januari tuliondoka. Nilisema Bismillahi, nikaiingiza barabarani saa tatu asubuhi, Gelle upande wa abiria, mkanda umefungwa, mikono magotini.

"Leo wewe ni taniboi, utingo wangu," nikamwambia.

"Taniboi hulipwa," akasema.

Tulikaa Molo siku nne. Kupanda hakukuniogopesha. Kilichonikosesha raha ni kurudi, ule mteremko wa Sachangwan, kwa sababu mzigo ukiwa nyuma yako, mteremko hausamehe. Gelle aliijua hofu yangu kabla sijaisema. Tulipokaribia akazima redio. Hapo huizima siku zote, tangu mwaka ule lori la mafuta lilipoanguka likawaka moto, na huwa haongei mpaka kaburi la pamoja la wale waliokufa lipite. Siku hiyo aliongea.

"Weka gia ya pili. Ile umepandia nayo. Usikanyage breki, iguse tu, uiache."

Nikafanya hivyo.

"Sasa kuna kona ya kushoto. Ni ndefu, usiharakishe. Kuna bampu. Umeiona?"

"Bado."

"Utaiona."

Nikaiona. Niliipita polepole, nikasikia vikombe vikigongana nyuma kwenye kirafu. Yeye alikuwa amefumba macho. Sijui kama alijua kwamba amefumba. Kona zote alinitajia kabla sijazifikia, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, na hakukosea hata moja. Tulipita kaburi, nikasikia anawaombea. Kisha barabara ikalala, ikanyooka, nami nikavuta pumzi ambayo nadhani niliibana tangu Molo.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefumbua macho sasa, ameyaelekeza kwenye kioo cha mbele, lakini nilijua ukungu umeshafika hata kule mbele kwake.

"Umeendesha vizuri," akasema. Miaka thelathini na tano ya ndoa, na gari lolote nililoendesha, alikuwa hajawahi kuniambia hivyo.

"Alhamdulillahi."

Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Kadija. Kona bado ninazo. Watu ndio siwaoni. Nihadithie."

Nikamhadithia. Nikamwambia mbele yetu kuna lori la mahindi, na taniboi amelala juu ya magunia amejifunika koti usoni. Nikamwambia kuna wavulana wawili wanauza karoti, zimeoshwa, zinang'aa. Nikamwambia sasa naiona Salgaa, na Chelangat ametoka nje ya kibanda chake, amevaa sweta mpya ya njano. Ametuona. Ananiangalia mimi kwenye usukani na mdomo uko wazi.

"Ana mwanya," nikamwambia. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nakuachia," akasema. "Nilijua siku moja utamwona."

Nikawasha taa ya kushoto, nikapunguza mwendo, nikaiingiza karavani yangu kando ya barabara, polepole, bila kugonga chochote.