Koti, Mabuti na Radhi ya Bi Khairat

Waridi alikuwa amekaa juu ya pikipiki isiyo yake, mguu mmoja una buti, mwingine una kandambili, na watu wa mnadani walikwisha kusimama kumtazama. Msalato siku ya Jumamosi haikosi vituko. Lakini mwanamke aliyefunga ushungi wake vizuri, baibui kalikunja mpaka magotini juu ya suruali, anapandisha na kushusha gia za pikipiki iliyozimwa, hicho kilikuwa kipya.

"Unanunua buti au unanunua pikipiki, dada?" aliuliza Wambura, muuza mitumba ya viatu na makoti.

"Nanunua buti, kaka. Ila buti lisiloingia chini ya gia litanisaidia nini?"

Akalivua, akamrudishia. Lilikuwa la tatu. La kwanza lilikuwa la mpira, lile la mvua na la zizini. Mguu uliogelea humo ndani wala haukujua gia iko wapi. La pili lilikuwa na mng'aro wa kupendeza, lakini Waridi alilishika kwa mikono miwili akalikunja, soli ikalegea kama chapati. Na chapati alikuwa anazijua.

"Basi chukua hili," Wambura alisema, akichomoa jingine chini kabisa ya lundo, zito, limekwaruzika, lina kamba ndefu. "Ngozi tupu. Hili utalivaa mpaka siku ya kuzikwa kwako."

"Mimi nataka la kuichelewesha hiyo siku."

Watu walicheka. Waridi hakucheka, maana hakuwa anatania sana. Alilibonyeza kwenye kifundo, likakataa kubonyea. Alilikunja, likagoma. Alilivaa, akafunga kamba, ncha zake akazichomeka ndani ili zisije zikanasa kwenye gia, akaingiza mguu. Gia ilipanda, ikashuka. Akausogeza mguu wa kulia karibu na ekzosi, pale ambapo nusu ya wanawake wa Dodoma wana kovu la kuungua, akaona ngozi ya buti imepita juu ya mahali penyewe.

"Lete na mwenzake," alisema.

Mambo haya yalikuwa na chanzo chake. Bi Khairat, mama yake Waridi, alikuwa na jiko pale Chang'ombe, na chapati na maharage yake ndiyo yaliyokuwa chai ya saa nne ya ghorofa nzima ya wizara kule Mtumba. Pikipiki ya kuvipeleka ilikuwa ya Bi Khairat mwenyewe, dereva akiwa kijana anayeitwa Damas. Damas aliamka siku moja akaona samaki wana maisha mazuri kuliko chapati, akaenda Mtera kwa kaka yake mwenye nyavu. Tangu hapo chakula kilipelekwa na bodaboda yeyote aliyepatikana, na kilifika watu wakiwa wamekwisha kunywa maji na hasira. Yasinta, karani aliyekuwa akikusanya oda za wenzake, alipiga simu kwa upole: "Mama, Jumatatu ikichelewa tena, wenzangu wanataka tuhamie kwa mtu mwingine. Mimi nimewatetea nimechoka."

Waridi alikuwa na leseni. Alijifunza kwa Damas kwenye uwanja wa shule, mwaka mzima uliopita, mama akijua na kujifanya hajui. Lakini kujua kuendesha ni jambo moja, na kuipita Ihumwa kati ya malori ni jambo jingine, na juu ya yote hayo lipo la radhi. Katika nyumba ile mtu hakutoka kwenda hata Singida bila radhi ya mama, sembuse kwenda kubishana na malori.

Na mama alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma aliona kwa macho yake, barabarani, msichana aliyepakiwa kwenye bodaboda, baibui limeingia kwenye gurudumu la nyuma, likamvuta. Bi Khairat ndiye aliyefika wa kwanza, ndiye aliyevua khanga yake mabegani akamfunika. Hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo. Waridi alipomwomba ruhusa, alijibu neno moja refu:

"Nitafutie vazi lisilokuua wala kukuvua nguo mbele ya watu. Ukilipata, njoo tuongee. Usipolipata, usiniletee habari za pikipiki tena maisha yako yote."

Ndiyo maana mnada mzima ulikuwa unamtazama, naye hakujali.

Kwenye koti ndipo alipochemka. Upepo wa Dodoma mwezi wa Julai hauna adabu, na bodaboda wa huku wana dawa yao: koti huvaliwa mbele nyuma, zipu mgongoni, kifua kikabaki na kitambaa kizima. Mgeni akiwaona hudhani mji umerogwa. Waridi alikuwa ameyaona hayo tangu utoto, kwa hiyo Wambura alipompa koti la ngozi lenye vipande vigumu ndani, alilivaa juu ya baibui bila kufikiri, kinyumenyume, akanyoosha mikono kwenye usukani akiwa ameridhika.

Wambura alishika kiuno. "Dada, umejiwekea uti wa mgongo kifuani! Kunja mkono. Hiki kigumu kiko wapi?"

Waridi alikunja. Kipande cha kulinda kiwiko kilikuwa kwa ndani, kwenye kikunjo cha mkono.

"Wewe ukianguka utaangukia hapo ndani?" Wambura aliuliza.

"Na kifua? Baridi?"

"Kifua kitie khanga, ikunje mara nne. Hili koti halikushonewa upepo. Limeshonewa lami."

Waridi alilivua, akalivaa linavyotakiwa. Aliona aibu kidogo, kisha akaona raha kwamba aibu ile imempata mnadani na si barabarani. Waliongea bei mpaka wote wawili wakakasirika, halafu wakapatana, na helmeti yenye kioo kizima ikaingia kwenye kapu pamoja na glavu na vile vingine.

Jumapili alikwenda kwa Mzee Abdulrahim, fundi cherehani wa barazani ambaye alimshonea hata sare zake za shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia jana umenunua viatu vya vita."

Habari za Chang'ombe hazihitaji pikipiki. Waridi alimweleza: anataka gauni la kuendeshea, la jinzi, la heshima. Mzee akachukua utepe, akaushusha mpaka chini. "Mwanamke wa kwetu, gauni mpaka kisigino."

"Kisigino, mzee, ndipo mnyororo ulipo."

Utepe ulibaki hewani. Waridi hakumpa nafasi ya kujibu. Alivuta benchi la wateja, akalipanda kama pikipiki, suruali yake ikiwa chini ya baibui, akaweka mikono mbele. "Nipime hivi. Nikisimama ni uongo. Nguo ya pikipiki inapanda ukikaa."

"Toka nianze kushona sijapima mtu aliyepanda benchi," mzee alinung'unika. Lakini alipima, macho kayaelekeza kwenye bati la jirani kila utepe ulipopita gotini. Alipomaliza, ufundi ukaishinda haya yake. Alianza kupendekeza mwenyewe: gauni lipite magoti kidogo, lipasuliwe mbele na nyuma, kila upande ufungwe kwa vifungo kuzunguka mguu wake, akishuka, vifungo viunganishwe, liwe gauni kama magauni mengine. Kisha akaangalia kichwa cha Waridi.

"Na hizo pini za ushungi?"

"Zina nini?"

"Umezipanga nne, halafu unavaa helmeti juu. Ukigonga kichwa, pini zitakwenda wapi?"

Waridi alizigusa. Hilo hakuwa ameliwaza hata kidogo. Mzee alimshonea ushungi wa kuvaa kwa kuingiza kichwa, usio na pini wala fundo, ncha zake zinaingia ndani ya koti.

Jumatatu asubuhi chapati zilikuwa motomoto ndani ya boksi, boksi limefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, na Waridi amesimama mlangoni amevaa kila kitu isipokuwa helmeti. Bi Khairat alimkagua kama anavyochambua mchele.

"Geuka. Inama. Panda. Shuka."

Waridi aligeuka, akainama, akapanda, akashuka.

"Nguo nzuri," mama alisema mwishowe. Sauti ilikuwa nyembamba. "Lakini hata yule msichana, kabla ya kuanguka, alikuwa amevaa vizuri."

Waridi alitaka kulia, na alitaka kupiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu. "Mama, sigusi lami bila radhi yako. Wallahi sigusi. Ila niache nifike pale konani nirudi, unione nikitembea."

Bi Khairat aliijaribu mipira ya boksi kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja.

Waridi alifika konani vizuri. Ni kwenye kugeuza ndipo gurudumu la mbele lilipozama katika mchanga, ule mchanga wa Chang'ombe unaomeza hata baiskeli, pikipiki ikalala kwa ubavu wa kulia na Waridi akaenda nayo. Injini ilizima. Mbele ya kibanda cha kahawa wazee walisimama, kisha, kwa adabu, wote wakageuza nyuso ukutani.

Mama alikuja mbio, miguu mitupu. Alipiga magoti kwenye mchanga. Alishika kifundo cha mguu, akakibonyeza. Akaenda kwenye kiwiko; ngozi ya koti ilikuwa imechubuka, ina mstari mweupe mrefu. Alivuta mkono wa koti juu, akakuta ngozi ya mwanawe safi, haina hata alama. Akatazama gauni. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake, kila mguu na upande wake. Alivipitia kimoja kimoja kwa kidole.

Kisha aliinua uso akawaona wale wazee na migongo yao.

"Geukeni tu!" aliwapigia kelele. "Tazameni mtakavyo! Mwanangu amevaa!"

Mmoja aligeuka, akakohoa, akasema alhamdulillahi.

Waliiinua pikipiki pamoja, mama ameshika nyuma, binti usukani. Boksi lilikuwa limeinama. Mama alilinyoosha, akakaza mipira, akalipiga kofi.

"Panda," alisema. "Chapati zinapoa."

Waridi alipanda, akawasha. Lakini hakuondoka. Alibaki anamtazama mama yake, maana kuambiwa panda ni kuambiwa panda, na radhi ni radhi.

Bi Khairat alijifuta mchanga mikononi. Alisogea, akafungua kile kioo cha helmeti kwa kidole kimoja, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, midomo ikicheza haraka, macho yamefumbwa. Alipomaliza alipuliza mara tatu humo ndani, usoni mwa mwanawe, akakifunga kioo.

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Pumzi ya mama iliganda kwenye kioo, mtaa mzima ukawa mweupe. Waridi aliinua mkono wenye glavu apanguse, kisha akaushusha. Alikaa pale, injini ikinguruma, akingoja ukungu uondoke wenyewe.